Hotipoti ya bluu

Kigamboni, Dar es Salaam
Jumapili usiku

Kwako shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi sana. Baada ya salamu, dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali yako na ya watoto. Mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Umeona bado nakumbuka? Mwalimu wetu wa Kiswahili angenipa saba juu ya kumi, tatu angenikata kwa mwandiko.

Usishtuke kuona barua, hakuna aliyekufa. Mama Shani anakuja huko Tanga Alhamisi kwenye ile harusi (eti wameshapatana na wifi yake, tutaona), nikaona nimpe mkononi. Kwenye WhatsApp nimejaribu mara nne. Naandika, natuma, nafuta. Uliponiuliza "vipi wewe, mbona unafuta futa?" nikakujibu mtoto alikuwa anachezea simu. Mtoto gani, na Chidi yuko bweni tangu Januari? Hii nikishampa Mama Shani hainirudii tena.

Ni kuhusu hadithi yangu. Ndiyo, ile ya mwandishi wa habari na staa wa sinema, ambayo ulisema hutaisoma kwa sababu mapenzi ya kwenye simu yanakuumiza macho. Nilikwambia nimebuni: watu wawili walipendana, wakaachana vibaya, miaka kumi na kitu imepita wanakutana tena. Nilikudanganya kidogo. Hapana, nilikudanganya sana.

Nasra, yule mwandishi wa habari, ni wewe. Nimekuongeza urefu, nimekutoa Tanga nikakufanya mzaliwa wa Kilwa, na nimekupa kishimo shavuni, kwa hiyo usinilaumu kwa yote. Ila ni wewe, na yule staa ni yeye.

Sikuanza kwa nia hiyo, wallahi. Unajua kazi yenyewe ilivyo. Zamani mtu alinunua gazeti kwa sababu ya hadithi ya kurasa za katikati, akifika kwenye "itaendelea" anatukana, wiki ijayo ananunua tena. Sasa magazeti yale yamekufa, hadithi zimehamia kwenye makundi ya WhatsApp. Mimi natoa sehemu mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa saa tatu usiku, kiingilio shilingi 2,000. Wako 84. Wangekuwa zaidi, ila kuna kijana ananakili kila sehemu, anafuta jina langu anaweka lake, na makosa yangu ya herufi anayaacha vilevile!

Nilidhani ni kazi rahisi. Watu wanaopendana kwa mara ya kwanza unawaandika huku unakaanga mayai. Wanaorudiana ndio shughuli, maana msomaji hakuulizi kama watapatana. Anauliza waliachania nini, na hicho kitu kiko wapi sasa hivi. Mwanzo niliwaachanisha kwa meseji iliyofika kwa mtu siye. Wakanishukia: "Si angempigia simu tu?" Dada mmoja wa Mbagala akadai hela yake. Nikaona ana haki, kama kosa linamalizwa kwa simu ya dakika mbili, miaka yote hiyo walikuwa wanasubiri nini? Halafu nikawakutanisha hotelini Masaki, staa kabeba maua. Walicheka, Zuhura, walinitumia vikatuni mpaka simu ikaganda. Nikafuta, nikawaweka kwenye pantoni saa kumi na mbili jioni, watu wamebanana na baiskeli za samaki, wote wawili wanatazama mbele kwa kuwa hakuna nafasi ya kugeuza shingo. Hapo wakanyamaza.

Lakini sababu nzito ya kuachana bado nilikuwa sina. Nilikuwa nayo moja tu, na haikuwa yangu.

Basi sehemu ya 27 nikaandika hospitali. Nilieleza kwanza habari za hela, maana hawa vijana wanadhani staa ni tajiri. Nikawaambia enzi zile sura yake iko kwenye kila kibanda cha Kariakoo, filamu moja inakatwa Part One na Part Two zinauzwa kila moja peke yake, na mwenyewe anadandia daladala. Wanapiga picha siku chache kwenye nyumba ya kukodi Sinza, haki zote zinauzwa kwa msambazaji mara moja, pesa imeshaisha kava halijachapwa. Mama yake kalazwa. Anakwenda kumwona jioni, kofia kaivuta mpaka kwenye nyusi asijulikane, mkononi kashika hotipoti ya ndizi. Mlinzi anamwambia, "Kaka, muda wa kuona wagonjwa umekwisha." Kisha anamtazama tena, anatoa simu. Wanapiga picha wamekumbatiana, hotipoti iko katikati yao kama mtoto, ndipo geti linafunguliwa. Nasra kasimama pembeni, mdomo kauziba kwa kanga, anacheka mpaka machozi.

Si ulinihadithia hivyo hivyo? Ulikuwa umekaa juu ya meza yangu pale gazetini, ile ya kusomea prufu, kurasa kabla hazijachapwa, miguu inaning'inia. Nikaandika hotipoti nyekundu.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita iliingia 2,000 kutoka namba nisiyoijua. Na M-Pesa, unajua, haina habari na majina ya sanaa. Inakuandikia ya kwenye kitambulisho, la mtu, la baba na la babu. Nililisoma nikiwa kwenye foleni ya pantoni nikakaa chini. Sakafuni, shoga, na gauni langu jeupe la Idi.

Nilimwingiza kundini, ningefanyaje, mtu kalipa. Hakusalimia. Anasoma tu, nikiangalia orodha ya waliosoma namkuta kabla hata ya watu wa Mbagala. Ijumaa iliyopita, saa tano na nusu usiku, akanitumia ujumbe pembeni: "Hotipoti ilikuwa ya bluu." Hivyo tu. Nikalala nayo. Asubuhi nikakuta mwingine: "Sehemu ya 28 utasema nani alipeleka habari gazetini?"

Hakuuliza uko wapi. Hakuomba namba yako. Nakwambia ili usije ukajenga ghorofa.

Sijamjibu. Nimewaambia watu wa kundi naumwa malaria, na tangu niseme hivyo kichwa kinaniuma kweli.

Siku hizi anaonekana kwenye tamthilia za king'amuzi, anaigiza baba mkwe. Mvi zimemkaa vizuri, Mungu anisamehe. VCD zilipokufa nilidhani naye kwisha habari yake, kumbe. Kila nikimwona hapo kwenye runinga namkumbuka siku ile ya viwanja vya Leaders, Aprili 10, 2012, tulipotumwa kwenda kumuaga marehemu Kanumba, staa wa filamu. Kijana wa miaka 28, mji mzima umesimama, watu wanazimia wanabebwa juu kwa juu, na sisi na kamera ya ofisi isiyo na chaji. Ulimwona mtu wako ng'ambo ya kamba, naye akakuona. Ukainua mkono. Akatazama chini, kisha akageuka akapotelea kwenye watu. Nilidhani utalia. Ukafungua kauntabuku lako ukaanza kuandika, haraka haraka, hata hukuangalia karatasi. Mimi nilikuwa nimekushikia mkoba. Ningesema pale pale. Nilikuwa na nafasi, na sikusema kwa sababu ya msiba, nilijiambia hivyo. Msiba ulipoisha nikapata sababu nyingine.

Umeme umekatika, naandika kwa tochi ya simu, kwa hiyo nisizunguke zaidi, chaji yenyewe asilimia kumi na moja.

Siyo nesi, Zuhura. Miaka yote unasema ni nesi yule mwembamba, na mimi naitikia, "Ndiyo, yule alikuwa na macho ya umbea." Ni mimi.

Hukuja kwenye kikao cha asubuhi. Bosi akaanza: yuko wapi, hii ni mara ya tatu, safari hii namkata mshahara. Nikaona nikuokoe. Nikasema, "Bosi, yuko hospitali na yule jamaa yake, mama mtu hali mbaya na hela ya operesheni hawana." Nilidhani ataona huruma. Akauliza hospitali gani, kwa sauti ya upole kabisa, nikamtajia. Saa nne alishatuma mpiga picha. Jioni ukurasa wa kwanza ukaletwa mezani kwangu, herufi nyekundu, STAA OMBAOMBA, na picha ya mama kalala mdomo wazi. Neno "hospitali" lilikosa herufi moja. Nikalirekebisha, nikatia saini, nikapeleka.

Ile saini ndiyo sijawahi kumwambia mtu. Kusema kwa bahati mbaya, sawa, mdomo huponyoka. Lakini prufu nilikaa nayo dakika kama ishirini.

Yeye akaamini ni wewe, maana nani mwingine alijua? Na wewe ukaacha kazi ukarudi kwenu, mimi nikapandishwa cheo mwaka uliofuata. Nacho hakikudumu, kama unavyojua, gazeti lenyewe liko wapi?

Nimeandika sehemu ya 28 mara tatu. Moja ni nesi. Moja mhariri anaiba kauntabuku la Nasra kwenye droo, hiyo ni nzuri, ina vishindo, watu wa Mbagala wataipenda. Ya tatu ni fupi, kurasa mbili, kuna mwanamke amekaa anasoma prufu. Sijampa jina. Nikiitoa hiyo, yeye ataisoma kabla yako, na hilo ndilo limenifanya nitafute karatasi na kalamu usiku huu.

Kuhusu kuwarudianisha, kundi limegawanyika, nusu "amrudie", nusu "asimrudie, wanaume ni wale wale". Mimi sijui. Kumbe nilikuwa naandika ili wao wasameheane, na aliyekuwa anatafuta msamaha ni nani.

Niambie basi. Unataka nifunge kundi? Ni shilingi 168,000 za watu, nimeshazila nusu, lakini nitatafuta. Au niendelee, ila nikutoe? Nimjibu yule, au nimwache? Nikimjibu nimwambie ni mimi, au unataka kumwambia kwa mdomo wako? Uliwahi kumtafuta baada ya Leaders? Wewe na Baba Rayani mmeshamalizana kweli au bado mnavutana? Kauntabuku lile unalo? Siku ile uliandika nini, maana habari uliyompa bosi haikuwa na hata mstari mmoja wa jambo hilo? Utanipigia, au nikae bila kupigiwa? Na hotipoti, ilikuwa bluu? Mimi naikumbuka nyekundu, lakini mimi sikuwepo.

Wako,
Tatu

NB: Mama Shani anarudi Jumatatu. Ukimpa jibu lifunge kwa gundi, unamjua.