Kwenu vijana mnaotaka kulima Mirihi

Wanangu,

Juzi nilikaa viti vya nyuma kwenye maonyesho yenu nikawasikiliza mkieleza jinsi hamira na mwani waliobadilishwa jeni watakavyowalisha watu kwenye sayari ya Mirihi (Mars). Moyo ulinijaa. Kisha nikaiona chupa mliyoifunika kwa kitambaa. Watu walipotoka nikafunua: mwani umekuwa wa kahawia, juu pametanda ukungu. Mmoja wenu akasema, "Babu, hiyo tuliitoa kwenye maonyesho."

Mlitoa kitu pekee nilichokuja kukiona.

Nimefanya kazi ya ufundi wa maabara hadi kustaafu, na hakuna linaloniudhi kama kiumbe kufa halafu kufichwa. Mwaka 1991 watu 8 walijifungia Arizona, Marekani, ndani ya jumba la vioo liitwalo Biosphere 2, waishi miaka 2 kwa walichopanda. Oksijeni ikashuka kutoka asilimia 21 hadi karibu 14. Watu wakawa wanahema ovyo kwa kazi ndogo tu, mpaka oksijeni ikaletwa kutoka nje. Nani aliyeimaliza? Vijidudu vya udongo, ule udongo uliorutubishwa kwa nia njema kabisa. Na hewa ya ukaa waliyoitoa ilinyonywa na zege la kuta, haikuonekana hewani, na hesabu za hewa zikakataa kulingana. Wale walikuwa na mlango wa kuletewa hewa. Mirihi ni safari ya miezi isiyopungua sita. Nani atawabishia hodi?

Sisemi mwache. Tangu 2019 NASA, shirika la anga la Marekani, wanajaribu kwenye kituo cha anga hamira iliyobadilishwa jeni itengeneze zeaksanthini, kirutubisho cha macho, maana vitamini huchakaa zikikaa miaka. Na wameanzaje? Kwa pakiti ndogo: unatia maji, unaipasha joto, unasubiri, unaigandisha ikapimwe.

Mengine mnayajua: udongo wa Mirihi una sumu ya pakloreti, na kanieneo (mgandamizo) ya hewa ya sayari hiyo haifiki asilimia 1 ya hewa yetu hapa Duniani. Msiyaruke.

Ila lawama si yenu peke yenu. Sisi wazee tumewazoesha makofi. Shule inafungia hadubini kabatini isivunjike, halafu inampa zawadi mwenye bango la kung'aa. Mtoto atajifunza nini hapo zaidi ya kuficha chupa?

Jumamosi asubuhi nakuja na hadubini yangu. Msiumwage huo mwani. Leteni na daftari, hata kama kurasa ni tupu, tuanze na siku ulipobadilika rangi.

Babu yenu