Ripoti ya mwaka imejaa suti

Mhariri, naomba kanafasi kidogo. Juzi nilienda chuo anakosoma mwanangu sayansi ya kompyuta hapa Dar, walikuwa wanaonyesha projekti za mwaka mzima, bwana kuna binti katengeneza programu ya kuhesabu abiria wa daladala, kasimu kenyewe kioo kimepasuka kakafunga na raba kwenye kiti, na inahesabu kweli! Mara umeme ukakatika, jenereta halina mafuta, tukabaki tunajipepea na vipeperushi. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, leo ruksa ila maabara wanagombania moja watu wanne. Halafu ripoti yao ya mwaka nimeisoma, picha za wageni rasmi tele, yule binti hata jina hamna.

Mzazi, Mbagala