Kikao cha Jumapili: sura ya 4 na ya 5

Habari za jioni wapendwa. Jumapili saa 3 usiku tunaendelea na hadithi aliyoandika mwenzetu, ile ya ofisa omega (katika hadithi za aina hii watu hugawanyika kuwa alfa na omega, na hutambuana kwa harufu) aliyerudi kutoka vitani mwaka 1917 na kulazwa Craiglockhart, Edinburgh. Hospitali hiyo ilikuwepo kweli, daktari W. H. R. Rivers aliwatibu maofisa wenye kiwewe cha vita kwa mazungumzo.

Naomba tusiharakishe. Najua wengi mnasubiri wabusiane, lakini rudieni pale alfa anapoacha mlango wazi, anaweka kikombe cha chai mezani, kisha anakaa mbali dirishani ili harufu yake isimtishe mwenzake. Nimepasoma mara tatu.

Sura ya 5 ina ndoto za mahandaki. Atakayeona nzito airuke tu, hatadaiwa maelezo.