Balituulia John Connor bure

Bwana Mhariri, jambo sana.

Naandika juu ya ile makala yenu ya filme, fasi mulisema eti sisi wapenzi wa Terminator, zile filme za mashini zinapigana na batu, tunalalamikaka paka juu tumezeeka, tunataka kila filme ikuwe kama zile za ujana wetu. Ile sikubali hata kidogo. Hapa nyumbani Katindo niko na mutoto ya mudogo wangu, ana miaka 15, ameona zote sita kwa telefone, hakuna mutu alimufundisha ya kupenda ao ya kuchukia, na alivyomaliza alisema ya kwanza na ya pili njo filme, zingine ni kelele tu. Sasa na yeye amezeeka?

Shida haiko uzee, na haiko pesa. Ya kwanza ilitoka 1984 na pesa kidogo sana kwa Hollywood, dola milioni 6 na kitu, James Cameron alikuwa bado kijana hajulikane, filme karibu yote ni usiku ku barabara za Los Angeles, mashini moja inatoka mwaka wa 2029 inakuja kuua Sarah Connor, dada anabebea batu chakula ku restora, juu mutoto wake John, hajazaliwa bado, njo atakuja kuongoza batu bapigane na mashini. Ni ile tu. Schwarzenegger, njo ile mashini, hata haongei sana mule ndani, anatembea tu, na ile kutembea yake njo ilituogopesha. Yeye njo alikuwa shefu bandi, ule mubaya wa filme.

Halafu 1991 bakatuletea ya pili, na hapa naomba muniache niongee kidogo juu vijana wengine hawajui vile ilikuwaka. Ku salle ya video kule Birere, hapa Goma, tulijaa ku banki za mbao mupaka batu wengine wanasimama ku mulango, na bote tulikuwa tumeona ya kwanza, kwa hiyo Schwarzenegger alivyotokea tu tulijua huyu amekuja kuua mutoto. Na yule mwingine kavaa nguo ya polisi, uso mupole, tunafikiri huyu njo mukombozi. Mutoto John anakimbia ku kuluwari ya magazini, polisi eko upande moja, mashini upande ingine, mashini inabeba kikarto cha maua, maua yanaanguka chini na bunduki inatokea, salle yote tunapiga kelele kimbia kimbia, na mashini inamuambia mutoto alale chini, inamupiga polisi risasi juu ya kichwa ya mutoto, inageuka inamukinga na mugongo wake. Mzee, ile kelele ilitoka mule salle sijaisikia tena ku filme yoyote. Shefu bandi amekuwa akteri, ule muzuri wa filme! Na hakuna mutu alikuwa ametuambia mbele.

Batu banasemaka ya pili ilishinda juu ya mambo ya kompyuta, yule polisi, mutu wa chuma ya maji anayejigeuza kila kitu. Ni kweli ilikula karibu dola milioni 100, ilibeba Oscar 4, lakini picha za kompyuta zenyewe ni dakika chache tu, mingi ingine ni vitu vya kutengeneza na mikono, kazi ya fundi Stan Winston na batu yake. Hata fasi balihitaji kuonyesha Linda Hamilton, ule anacheza Sarah, wawili pamoja balimuleta pacha wake wa damu, dada yake Leslie. Ile njo kazi inafanya unaamini kitu unachoona.

Na mwisho yake. Wenye hawajaona banisamehe, imepita miaka mingi. Mashini inajua kama ikibaki, kile kipande cha ndani ya kichwa chake kitazaa tena ile vita, kwa hiyo inaomba ishushwe ndani ya chuma iliyoyeyuka, na haiwezi kujiua yenyewe, mama njo anafinya kifungo. Mutoto analia anamukataza. Mi niliirudilia hapa Goma kisha volkano ya 2002, lava ilikuwa imepita katikati ya muji mupaka ku ziwa, na hatukuwa tunahitaji mutu atuelezee kile kitu chekundu ni nini, tunajua kitu kikiingia mule hakirudi. Batu balinyamaza. Bamama bamoja balifuta macho kwa ajili ya mashini. Ile njo bei Cameron alitulipisha, na tulilipa na roho yote, juu balituambia na ile bei vita haitakuja.

Sasa kuanzia pale, kila filme inakuja kutuambia tulilipa bure.

Ya 2003 mi niliisamehe, Sarah bamemuua na ugonjwa wa damu hata hatumuone, lakini walau mwisho yake ilikuwa na ujasiri, mabomu yanaanguka kweli na vijana wawili bamebaki chini ya mulima peke yao. Ya 2009 nayo tuipite tu. Ya 2015 njo balianza kutukosea heshima, John Connor mwenyewe, ule mutoto tuliombeaka, bakamugeuza mashini, shefu bandi, na tena bakaonyesha ile siri ndani ya tangazo ya filme mbele batu hawajaingia hata ku sinema! Kumbukeni vile 1991 tulishangaa mule kuluwari. Hapa balichukua kitu kile kile cha kugeuza mutu, bakakimwaga ku tangazo.

Lakini ya 2019 njo ilinivunja. Balisema Cameron amerudi, na kweli jina yake iko ku hadisi na ku wenye kutengeneza, Linda Hamilton amerudi, tukafurahi. Dakika za kwanza tu, John eko Guatemala pembeni ya bahari na mama yake, mashini ingine inatokea inamupiga risasi, imeisha. Mutoto amekufa. Hata hakupigana, hata hakusema neno la maana. Yule mwenye mashini ilijitupa ndani ya moto juu yake, yule mwenye baba yake Kyle Reese alikufa ku filme ya 1984 juu azaliwe, bamemutupa kama mufuko wa plastiki juu bapate fasi ya kuanza tena hadisi ile ile: Skynet, ile kompyuta inaongoza mashini, sasa banaiita Legion, msichana mupya wa Mexico njo ataongoza batu kesho, mashini mupya inamufuata, mulinzi mupya anatoka miaka ya kuja. Na ile mashini iliua John, tunaikuta Texas imejipa jina ya Carl, ina bibi na mutoto, inauzisha rido za madirisha, na banataka tuipende. Mi siwezi. Nilikaa pale namuangalia Sarah anapigana upande moja na mwenye aliua mutoto wake, na nikajiuliza wenye kuandika bale batu bako na watoto?

Na musituambie eti tunachukia juu akteri ni bamama. Tangu 1984 tunamupenda nani kama haiko Sarah Connor? Linda Hamilton alikuwa amepita miaka 60 na alifanya kazi yake muzuri sana, yeye peke yake njo alinibakisha ku kiti. Dada Natalia Reyes, ule anacheza msichana wa Mexico, naye hana kosa. Kosa ni ya wenye walimupatia hadisi ya mutoto mwingine aliyekufa avae kama nguo ya kuazima. Filme ilikula karibu dola milioni 185, ikaingiza kama 260 dunia nzima, na kwa hesabu ya sinema, matangazo na mgao wa wenye salle, ile ni hasara kubwa. Batu balisikia kabisa kama wameibiwa.

Na inawezekana kufanya muzuri. Ile seri ya vikatuni ya Netflix ya 2024, Terminator Zero, ilienda Tokyo, mwaka wa 1997, familia ingine kabisa, uoga wao, vikosa vyao, John haikumugusa hata kidole. Niliangalia yote. Kwa hiyo bakitaka kutengeneza ingine batengeneze, tutaenda kuona, lakini batafute muji mwingine na mutoto mwingine, na ule wetu bamuache ku barabara ya 1991 vile tulimuacha, mzima.

Msomaji wenu,
Katindo, Goma