Kabla ya Kuuliza Bei ya Samani, Uliza Kilichomo Ndani

Mteja anapoingia dukani kutafuta kochi, godoro au kabati, swali lake la kwanza huwa ni la bei, na muuzaji hulijibu upesi kwa kuwa ndilo jepesi kuliko yote. Sisi tunaouza samani na vyombo vya nyumbani tungependa maswali mengine yatangulie. Makochi mawili yaliyovishwa kitambaa kimoja yanaweza kufanana kama mapacha, ilhali moja litakaa miaka 10 na jingine litaanza kubonyea kabla mnunuzi hajamaliza kulilipia. Tofauti hiyo imo kwenye sponji, fremu na maungio, mahali ambapo macho hayafiki, na ndiko fedha nyingi za wanunuzi zinakopotelea. Rahisi ni ghali, wanasema watu, na mara nyingi ni kweli. Lakini zipo pia bidhaa za bei kubwa ambazo hazina lolote la kuzizidi zile za bei ya kati, isipokuwa nakshi na mng'aro wa vanishi.

Tuanze na godoro, maana hapa ndipo watu hudanganyika kirahisi zaidi. Wengi hulibonyeza kwa kiganja na, wakiliona gumu, huamini kwamba litadumu. Ugumu hauonyeshi uimara. Kiwandani sponji inaweza kufanywa ngumu huku ikiwa nyepesi, na sponji ya namna hiyo hupoteza umbo lake mapema, hasa pale kiuno na mabega yanapoegemea kila usiku. Kinachopaswa kuulizwa ni msongamano, yaani kilo ngapi za sponji zimo katika mita moja ya ujazo, na namba hiyo unaweza kuihakiki mwenyewe kwa mizani. Godoro lenye urefu wa mita 1.9, upana wa mita 1.5 na unene wa sentimita 20 lina mita za ujazo 0.57, likiwa limetengenezwa kwa sponji ya kilo 25 kwa kila mita ya ujazo, litakuwa na uzito wa kilo 14 na kidogo bila kuhesabu kitambaa chake, na likiwa la kilo 15 halitafika hata kilo 9. Ukiambiwa ni la kilo 25 na mizani ikasoma 9, mazungumzo ya bei yaanze upya. Mizani nayo ina mipaka yake, kwa sababu wapo watengenezaji wanaochanganya unga wa mawe ya chokaa kwenye sponji ili kuongeza uzito. Kwa hiyo uzito mdogo ni ushahidi wa kutosha dhidi ya muuzaji, ila uzito mkubwa peke yake haumtakasi.

Kochi linahitaji ukaguzi wa aina nyingine. Kama mito yake ina zipu, ifungue, uone kama ndani kuna kipande kizima cha sponji au ni masalio yaliyojazwa ovyo. Kisha shika mguu mmoja wa mbele na uuinue kama sentimita 15 kutoka sakafuni. Fremu iliyoungwa vizuri huunyanyua na mguu wa pili wa mbele karibu wakati uleule. Ukiona mguu wa pili bado umetulia chini, fremu inajipinda, na kochi hilo litaanza kulia kila mtu anapoketi. Muuzaji anayekataza jaribio hili ana sababu yake.

Kuhusu makabati na meza, bei hutegemea zaidi aina ya mbao. Bodi zinazotengenezwa kwa unga au vipande vidogo vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi ni nafuu, na hatuzibezi: rafu ya vitabu au kabati la nguo katika chumba kikavu halihitaji zaidi ya hapo. Adui yake ni maji. Yakipenya kwenye ukingo ambao haukufunikwa, bodi huvimba na hairudi tena katika unene wake, ndiyo maana hatushauri kuitumia chini ya sinki. Adui wa pili ni kuhama, kwa kuwa skrubu iliyofunguliwa na kurudishwa katika tundu lilelile la bodi hizi haishiki kama mwanzo. Anayetarajia kuhama mara kwa mara atapata nafuu zaidi kwa mbao ngumu, hata iliyokwisha kutumika, kwa sababu mbao ngumu yenye mikwaruzo hupigwa msasa ikapakwa vanishi upya. Angalia tu kama ina vitundu vidogo vinavyomwaga unga mpya, kwani hiyo ni dalili kwamba wadudu bado wamo wanaibungua. Godoro lililotumika, kwa upande wetu, hatulishauri kwa bei yoyote. Kunguni hawaonekani dukani.

Sasa punguzo. Tangazo la punguzo la asilimia 20, na juu yake asilimia 10 kwa mwenye kadi, wengi hulisoma kama asilimia 30. Bidhaa ya 100 ikipunguzwa asilimia 20 hubaki 80, na asilimia 10 ya 80 ni 8, hivyo utalipa 72 na punguzo lako ni asilimia 28. Lenye uzito zaidi ni bei ya kuanzia, kwani duka linaweza kuipandisha kabla ya kuikata. Anayepanga kununua kitu kikubwa aandike bei yake mapema, wiki kadhaa kabla ya msimu wa ofa, ndipo atakapojua anachookoa. Kwa malipo ya awamu, usipime kiasi cha kila mwezi. Zidisha kwa idadi ya miezi, ongeza malipo ya awali na ada zote, kisha ulinganishe na bei ya kulipa kwa mkupuo.

Vyombo vidogo havihitaji maneno mengi. Seti ya sufuria 12 ambazo utatumia 4 ni ghali kuliko 4 nzuri zilizonunuliwa mojamoja, na balbu ya LED ya wati 9 hutoa mwanga unaokaribia ule wa balbu ya zamani ya wati 60.

Jambo la mwisho hufanyika nyumbani kabla ya kutoka: pima upana wa mlango, korido na kona ya ngazi, mbali na chumba chenyewe, na vipimo hivyo uje navyo dukani vikiwa vimeandikwa. Uliza pia kama gharama ya usafiri na ya kufunga samani imo kwenye bei uliyotajiwa, na nani atailipia bidhaa ikirudishwa kwa kushindwa kupita mlangoni, kisha jibu hilo liandikwe kwenye risiti.