Barua ya wazi kwa Waziri wa Ulinzi: mzee aandikwe Meja au Kapteni?

Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa,

Salaam kutoka Gongo la Mboto.

Nina ombi moja, na nalitaja mapema kwa sababu najua barua mezani kwako ni nyingi. Naomba kila mwanajeshi anayestaafu akabidhiwe, pamoja na karatasi zake nyingine, ukurasa mmoja wa Kiswahili unaosema cheo chake cha kustaafu ni kipi, kimepatikanaje, na ni cheo kipi kilichotumika kukokotoa kiinua mgongo na pensheni yake. Yanayofuata ni kueleza tu kwa nini mtu wa steshenari, ambaye hajawahi hata kupita mgambo, anakuandikia habari za vyeo vya jeshi.

Steshenari yangu iko pembeni ya njia wanayopita wazee wengi waliotoka jeshini. Walipostaafu walijenga huku kwetu, Ukonga, Kitunda, hadi Chanika. Wanakuja kutoa kopi wakati wa uhakiki, kuchapisha barua, kutengeneza kadi za harusi za watoto wao. Na siku hizi, maana umri umekwenda, familia zao zinakuja kuchapisha wasifu wa marehemu.

Hapo kwenye wasifu wa marehemu ndipo cheo kinapozua kesi. Watoto wanasema baba aandikwe Meja, kwa sababu walimwona na cheo hicho, na mtaa mzima ulimwita Meja. Anaingia mzee mwenzake wa kikosi, anavua kofia, anasoma kwenye kioo cha kompyuta, anatikisa kichwa: "Huyu alikuwa Kapteni. Umeja alikaimu tu." Mjane ananyamaza. Shemeji anapandisha sauti. Mimi nimekaa na kipanya mkononi, na jeneza linatoka saa nane. Nimeshuhudia ubishi wa namna hii zaidi ya mara moja, na kila mara pande zote mbili zilikuwa zinasema kweli. Marehemu alivaa cheo cha juu, akafanya kazi ya cheo hicho, na bado barua yake ya kustaafu ikatoka na cheo cha chini. Kilichokosekana mezani ni karatasi inayoeleza hayo mawili yanakaaje pamoja.

Mheshimiwa, mtu akitumikia miaka ishirini na kitu hapandi ngazi moja kwa moja kama anapanda ghorofa. Anapewa cheo cha muda kwa ajili ya kazi fulani, kazi ikiisha cheo kinarudi. Anakaimu nafasi ya mkubwa wake aliyekwenda masomoni. Mwingine alikuwa sajini, akachaguliwa kwenda Monduli, kwenye chuo cha maofisa, akatoka ofisa. Mwingine alishushwa cheo kwa kosa la nidhamu, akajirekebisha, akapanda tena. Wote hawa siku ya mwisho wanatakiwa kuwa na cheo kimoja cha kuandikwa. Kipi? Cha juu kabisa alichowahi kuvaa, au kile alichokuwa nacho siku anarudisha sare? Au kile alichokaa nacho muda wa kutosha?

Mteja wangu mmoja ana mpwa wake katika jeshi la nchi kavu la Marekani. Siku moja walikuwa wanazungumza kwa simu dukani kwangu, sauti imefunguliwa, na yule kijana akawa anaeleza utaratibu wa kwao. Nilivutiwa, nikaenda kuutafuta mwenyewe. Wenzetu wameliandika jambo hili kwenye sheria iliyopitishwa na bunge lao, Juzuu ya 10, kifungu cha 1370, na raia yeyote anaweza kuisoma. Ofisa anastaafu kwa cheo cha juu kabisa alichokitumikia kwa kuridhisha, mradi amekikalia muda uliowekwa. Kwa meja kurudi chini, muda huo ni miezi 6. Kuanzia luteni kanali kwenda juu, kama ameomba mwenyewe kustaafu, ni miaka 3, na wakubwa wanaruhusiwa kuipunguza hadi 2. Asipoufikisha, anaandikwa cheo cha chini yake. Kwa hiyo luteni kanali aliyekaa na cheo chake miezi 20 akaamua kuondoka, kwa kawaida anakwenda nyumbani akiwa meja. Anaweza kukasirika, lakini hawezi kusema hakujua.

Kilichonigusa zaidi ni habari za askari wasio maofisa. Baada ya vita vya Vietnam jeshi lao lilipunguzwa, na maofisa wengi wa akiba waliondolewa kwenye uofisa. Baadhi yao walikubali kurudi kuwa masajini ili wafikishe miaka yao 20 ya kupata pensheni. Hebu fikiria, jana ulikuwa kapteni unaamrisha kikosi, leo unasimama foleni moja na vijana uliowafundisha. Aliyefanya hivyo alistaafu kama sajini. Lakini sheria yao inasema miaka ya utumishi ikijumlishwa na miaka ya kukaa kwenye orodha ya wastaafu ikafika 30, mtu huyo anapandishwa kwenye orodha hiyo hadi cheo cha juu alichowahi kukitumikia kwa kuridhisha, na pensheni inakokotolewa upya. Yaani ukapteni wake haukupotea, ulikuwa unamsubiri.

Neno "kuridhisha" nalo lina meno. Mwaka 2012 Jenerali William Ward, aliyekuwa kamanda wa kwanza wa AFRICOM, ile kamandi ya Marekani inayoshughulikia bara letu, alistaafishwa kwa nyota tatu badala ya nne alizokuwa nazo, akatakiwa kurudisha dola 82,000 baada ya uchunguzi wa matumizi ya safari zake. Nyota ya nne kwao inakwenda na kiti anachokalia mtu, na akiondoka kwenye kiti lazima wakubwa waridhike kwamba alikikalia vizuri. Uamuzi ule ulitangazwa pamoja na sababu yake. Sikumtaja ili tucheke ya wenzetu. Jenerali wa nyota nne na sajini wa Kitunda wote wana haki ya kuambiwa kwa nini.

Halafu kuna fedha, na hapa wazee wengi wanachanganya, na mimi nilikuwa nachanganya pamoja nao. Cheo cha kustaafu na cheo cha kukokotolea pensheni si lazima viwe kitu kimoja. Kwa Wamarekani, aliyeingia jeshini kabla ya Septemba 8, 1980 anakokotolewa kwa mshahara wake wa mwisho. Waliofuata wanachukuliwa wastani wa miezi 36 yenye mshahara mkubwa, kisha asilimia 2.5 kwa kila mwaka wa utumishi, kwa hiyo miaka 20 inatoa nusu. Walioingia kuanzia 2018 wapo kwenye mpango mwingine wa asilimia 2. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kupandishwa cheo leo na kustaafu baada ya muda mfupi, akaondoka na heshima yote ya cheo kipya lakini pensheni yake ikawa na miezi mingi ya mshahara wa zamani. India nako wana vyeo vya heshima ambavyo baadhi ya askari waandamizi wasio maofisa hupewa mwishoni mwa utumishi, uluteni au ukapteni, vikitangazwa Januari 26 na Agosti 15. Askari anajua toka mwanzo kwamba hicho ni cheo cha heshima, na ndivyo kinavyoandikwa.

Sikuombi, Mheshimiwa, uige ya Marekani au ya India. Jeshi letu lina historia yake, na vyeo vina uzito wa pekee katika historia hiyo. Alfajiri ya Januari 20, 1964, pale kambi ya Colito, ambapo leo ni Lugalo, askari waliasi wakidai mambo mawili: mishahara, na maofisa wa Kiingereza waondolewe ili Waafrika washike nafasi zao. Miezi michache baadaye, Septemba 1, likazaliwa JWTZ. Sikumbushi kwa kutisha mtu, jeshi la leo si lile. Nasema tu kwamba swali la nani ana cheo gani na analipwa nini lilikuwepo kabla hata jeshi lenyewe halijapata jina.

Tunao pia mifano ya kujivunia. Jenerali David Musuguri, aliyefariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104, aliingia KAR, jeshi la Waingereza la enzi za ukoloni, mwaka 1942 akiwa askari wa kawaida, akaongoza Divisheni ya 20 katika vita vya Kagera, akastaafu mwaka 1988 akiwa Jenerali na Mkuu wa Majeshi. Kwa mtu wa namna hiyo hakuna ubishi, cheo cha mwisho ndicho cha juu kuliko vyote. Na Rais mstaafu Kikwete aliacha jeshi mwaka 1992, ulipoingia mfumo wa vyama vingi, akiwa Luteni Kanali. Baadaye akawa Amiri Jeshi Mkuu kwa miaka kumi, majenerali wakimpigia saluti, na bado cheo chake cha kustaafu kimebaki kile kile cha Luteni Kanali. Hakuna aliyeona ni kumvunjia heshima, kwa sababu kila mtu anaelewa tofauti ya kiti na cheo. Nataka mjane wa Chanika naye aielewe tofauti hiyo, bila kuhitaji shemeji na mzee wa kikosi kugombana mbele ya mashine yangu ya kuchapishia.

Najua jibu la kwanza nitakalopewa: mambo ya jeshi ni siri. Kweli, siri zipo, na sisi raia hatuna haja nazo. Lakini kanuni inayosema mtu atastaafu kwa cheo gani haimwambii adui idadi ya vifaru. Na ukurasa ninaouomba si wa kubandikwa ukutani, ni wa mstaafu mwenyewe na familia yake. Sheria ya Ulinzi wa Taifa, Sura ya 192, ipo tangu 1966, na kanuni zake zipo. Tangu 2021 Bunge limekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Kutoa kutoka humo aya chache zinazomhusu koplo anayekwenda nyumbani wiki ijayo ni kazi ya ofisa mmoja mwanasheria na karani mmoja.

Kuna jambo la pili limejificha ndani ya hilo la kwanza. Ukurasa ukitolewa siku ya kustaafu tu, utakuwa umechelewa. Mwanajeshi aupate rasimu yake angalau mwaka mmoja kabla, autazame, na kama kuna cheo alichokaimu hakikuingizwa, au tarehe imekosewa, aseme wakati makarani waliotunza jalada lake bado wapo na kamanda wake bado anamkumbuka. Miaka kumi baadaye kamanda amekwisha kufariki, kikosi kimehamishwa, na ushahidi uliobaki ni picha yenye fremu sebuleni. Picha haina tarehe ya kuanza wala ya kuisha kwa cheo.

Nimejaribu kuupanga ukurasa huo mwenyewe, kazi ya mikono yangu ndiyo hii. Juu, jina na namba ya jeshi. Chini yake, jedwali: kila cheo alichoshika, kama kilikuwa cha kudumu, cha muda au cha kukaimu, tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kisha mstari wa cheo cha kustaafu, na kifungu cha kanuni kilichotumika. Kisha mstari wa cheo cha kukokotolea mafao. Kama alishushwa cheo, sababu na tarehe ya uamuzi, na ofisi ambayo anaweza kukata rufaa. Mwisho, sentensi moja inayosema familia iandike cheo gani kwenye shughuli za kiraia. Yote yanaenea kwenye A4, upande mmoja, maandishi ya kawaida, hata mzee asiye na miwani mizuri anasoma.

Ofisi yako ikiutaka mfano huo, nitauleta Dodoma kwa gharama yangu, au nimkabidhi yeyote mtakayemtuma hapa Dar es Salaam.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwenye steshenari,
Gongo la Mboto, Dar es Salaam