Msing'arishe uso kwenye picha za wasanii

Mhariri,

Makala zenu kuhusu wasanii wa leo na suala la utambulisho huanzia na kuishia kwenye wasifu: kazaliwa wapi, kahamia lini. Kazi yenyewe hupewa sentensi moja. Naomba mgeuze, kwani hoja ya wasanii hawa imo ndani ya malighafi na jinsi inavyoshughulikiwa.

Chukueni picha aliyojipiga mpigapicha Zanele Muholi wa Afrika Kusini, "Bester I, Mayotte", ya mwaka 2015. Vibanio vya nguo vimepangwa kichwani kama taji, vingine vinaning'inia masikioni. Bester ni jina la mama yake, aliyefanya kazi za ndani kwa Wazungu miaka mingi. Muholi hajipaki rangi nyeusi. Wakati wa kuhariri huongeza tofauti ya mwanga na kivuli, ngozi ikawa nyeusi kuliko ilivyo. Weusi huo ndio kauli yake. Picha kama hiyo ikifika chumba cha habari, programu huihesabu kuwa ina giza na kuing'arisha, kauli ikafutika. Ikipelekwa mtamboni kama ilivyo, nako kuna hatari: karatasi ya gazeti hunywa wino, vitone vya wino hutanuka na uso mzima huwa doa. Kwa hiyo zimeni marekebisho ya kujiendesha. Fundi afidie kutanuka kwa wino tu, atoe nakala ya majaribio kwenye karatasi ileile ya gazeti, akague kama kope na ukingo wa shavu vinaonekana. Na msiichape kwa ukubwa wa stempu, tafadhali.

Kazi ya Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar, "Naming the Money" ya 2004, ina maumbo 100 ya watumwa, yenye kimo cha binadamu. Mgongoni mwa kila umbo kuna maandishi: jina lake halisi, na jina alilobandikwa. Mkipiga picha ya mbele tu, jina mmelificha tena. Pigeni pande zote mbili.

Na chini ya kazi ya Yinka Shonibare, msanii wa Uingereza mwenye asili ya Nigeria anayetumia vitenge, msiandike "kitambaa cha jadi ya Kiafrika". Vitenge vile viliigwa kutoka batiki za Java, kisiwa cha Indonesia, Waholanzi wakavitengeneza viwandani karne ya 19, vikapata soko Afrika Magharibi. Safari hiyo ndiyo sababu ya yeye kuvitumia. Andikeni aina ya kitambaa, mwaka wa kazi na vipimo vyake, na mseme kama picha imepunguzwa pembeni.

Mchapaji wa picha